Uzazi wa Majira: Nani Aliyeshika Ufunguo?

Kabla ya zahanati kuwa na kabati la vidonge, na kabla ya maneno uzazi wa majira kuandikwa ukutani mwa vituo vya afya, watu wa mwambao walikuwa na neno moja lililotosha kumtia hofu baba mwenye mtoto mchanga, nalo ni kubemenda. Mtoto aliyedhoofu, tumbo likamtoka na miguu ikamlegea, ilisemwa kwamba wazazi wake wamembemenda, yaani wamekaribiana kabla ya wakati wake, au mama ameshika mimba nyingine hali yule wa kwanza angali ziwani. Na kwa kuwa aibu hiyo ilionekana na kila apitaye barazani, mume na mke walijizuia, na somo wa mke, yaani kungwi wake, akawa mlinzi wa jambo hilo. Tabibu wa leo atasema kwamba aghalabu ugonjwa ule ulikuwa utapiamlo wa mtoto aliyeachishwa ziwa mapema, nami sina haja ya kubishana naye. Lakini desturi yenyewe ilipishanisha watoto, na maziwa yaliisaidia, kwani imethibiti kwamba kati ya mama 100 wanaonyonyesha usiku na mchana pasipo kumpa mtoto chakula kingine, na ambao hawajarudi kuona siku zao, wapatao mimba katika miezi 6 ya mwanzo hawazidi 2.

Amma Waislamu, wao walikuwa na njia ya pili iliyotajwa vitabuni, nayo ni azili, yaani mume kujitoa kabla ya kumwaga. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokelewa kutoka kwa Jabir bin Abdullah kwamba maswahaba walifanya azili zama za Mtume, hali Kurani ingali ikiteremka. Na juu ya msingi huo maulamaa wakajenga mlango mzima wa fikihi. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliipima azili katika Ihya Ulum al-Din kwa kutazama nia ya mtendaji: acheleaye mkewe asidhurike kwa uchungu wa kuzaa, au atakaye uzuri wake udumu, au aogopaye mzigo wa watoto wengi usije ukamtia katika chumo baya, huyo hana lawama, bali ajizuiaye kwa kuchukia kuzaliwa mtoto wa kike, huyo nia yake imeoza. Yanistaajabisha kwamba mwanachuoni wa zama zile hakuona haya kuandika habari ya uzuri wa mke, ilhali sisi wa leo twainamisha macho mbele ya bango la zahanati. Lakini katika mlango huo huo mna suala la idhini. Wengi wa mafakihi wa Kihanafi, Kimaliki na Kihambali walishurutisha ridhaa ya mke, kwa hoja kwamba naye ana haki katika mtoto na katika starehe. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya mwambao wetu, kauli mashuhuri haikuliweka sharti hilo. Basi ufunguo ulikuwa wa mume, na mke alingoja kuona kama umegeuzwa.

Wanaozilinganisha njia hizi siku hizi huanza na hesabu. Katika kila wanawake 100 wanaotegemea azili kwa mwaka mmoja, takriban 20 hushika mimba, maana njia hiyo yamtaka mtu awe na akili timamu wakati ambapo akili humruka. Wa kondomu ni kama 13. Wa vidonge, kwa kuwa vidonge husahauliwa, ni kama 7. Na wa kitanzi cha shaba hawafikii 1. Tabibu atatosheka na hesabu hiyo. Anayeandika historia hatosheki, kwa sababu haimwambii ni nani aliyekuwa akiamua.

Kidonge kilianzia porini. Mwaka 1942 mkemia Mmarekani Russell Marker, akiwa amepekua kitabu cha mimea na kuona picha ya kiazi cha mwituni cha jamii ya kiazi kikuu, alikifuata hadi jimbo la Veracruz, Meksiko, kisha akaigeuza dawa iliyomo ndani yake kuwa projesteroni, homoni ambayo mwilini mwa mja mzito huzuia yai jingine lisipevuke. Wakati huo gramu moja iliuzwa takriban dola 80, na yasimuliwa kwamba Marker aliingia maabara moja ya Mexico City na chupa mbili zilizoviringishwa katika gazeti, zenye projesteroni kiasi cha kilo 2. Mwaka 1951, katika kampuni ya Syntex mjini humo, Luis Miramontes, Carl Djerassi na George Rosenkranz walitengeneza homoni ya aina hiyo isiyopoteza nguvu ikimezwa, na muda si muda kampuni ya Searle ya Marekani ikawa na yake. Margaret Sanger, muuguzi aliyepigania jambo hili maisha yake yote, alimleta tajiri Katharine McCormick, naye akatoa fedha kwa mtaalamu Gregory Pincus. Mwaka 1956 wakaenda kuijaribu dawa yao Río Piedras, katika kisiwa cha Puerto Rico, kwa wanawake maskini ambao hawakuelezwa kwamba wanafanyiwa majaribio. Daktari Edris Rice-Wray, aliyesimamia kazi ile, aliandika kwamba mimba zilizuilika kweli, ila wanawake 17 katika kila 100 walilalamika kichefuchefu, kizunguzungu na kuumwa kichwa, na kwa rai yake hayo yalizidi kiasi. Wakubwa wake hawakulitilia maanani neno lake, na mwaka 1960 serikali ya Marekani ikairuhusu dawa hiyo ya Searle, iliyoitwa Enovid, kuuzwa kwa kuzuia mimba.

Kisa cha kitanzi ni kifupi zaidi kusimulia. Ernst Gräfenberg wa Berlin alitumia pete za hariri na za fedha miaka ya 1920. Jack Lippes wa Buffalo akaleta kitanzi chake cha plastiki chenye mapindo mwaka 1962. Kisha Jaime Zipper wa Chile akaonyesha kwamba shaba huzidisha nguvu. Hekaya ya wasafiri wa jangwani kuwatia ngamia wao vijiwe katika kizazi imenakiliwa vitabu vingi pasipo mtu kuonyesha ilikotoka, nami naiacha jangwani. Kitanzi hakisahauliki kama kidonge. Ila hutiwa na mtaalamu na hutolewa na mtaalamu, na mwanamke aliyebadili nia sharti ampate wa kumkubalia.

Huku kwetu, Dar es Salaam ilipata chama chake cha uzazi wa mpango mwaka 1959, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la UMATI. Na mwaka 1967 Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuwa na mpango wa taifa zima. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto 8 katika umri wake. Mwaka 2022 walikuwa 3.4.

Pakiti ya vidonge inayotolewa vituoni ina vidonge 28, 21 vyeupe vyenye dawa na 7 vya kahawia vyenye madini ya chuma tu, vilivyowekwa ili mkono usiache mazoea. Nayo pakiti, iwe chini ya godoro au ndani ya mtungi wa mchele, huonekana siku moja na mume au na mama mkwe. Sindano ya miezi 3 haina pakiti, na nadhani siri hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kupendwa kwake Tanzania na Kenya, pamoja na vijiti vya mkononi, ingawa hivyo mtu akivipapasa atavigundua chini ya ngozi. Kilichosalia kumfichua mwenye sindano ni kadi yake yenye tarehe ya kurudi. Ndiyo maana muuguzi mwenye busara, kabla ya kuufungua mlango wa kabati, humwuliza mama kwa sauti ya chini kama kadi itakwenda nyumbani au itabaki hapo kituoni.