AKIBA HAIOZI: HISTORIA YA KITUNGUU KIKUBWA NA CHAMA CHETU



Tumefika mwaka wa kumi. Vipo vikundi vilivyoanza pamoja nasi ambavyo leo havipo tena. Sisi tupo, na sanduku letu lenye kufuli tatu lipo.

Katika kijitabu hiki wenzetu wameandika juu ya hisa, mikopo na mfuko wa jamii. Sisi wa uongozi tumepewa kazi ya kuandika historia, nasi tumeona tuandike historia ya kitunguu. Pengine mtu atauliza, kitunguu na chama cha akiba wapi na wapi? Jibu lake ni rahisi. Hapa kwetu Karatu, hela nyingi zilizoingia kwenye sanduku hili zilitoka kwenye kitunguu, na mikopo mingi iliyotoka ilirudi kwenye kitunguu. Tena mkutano wetu wa kuvunja mwaka huu una uamuzi mkubwa, nao unahusu kitunguu hicho hicho. Kabla ya kunyoosha mikono ni vizuri tujue tulikotoka.

KITUNGUU NI CHA ZAMANI

Kitunguu kimelimwa na binadamu kwa miaka ipatayo 5,000. Wamisri wa kale walikila, walikichora kwenye makaburi yao, na walizika watu wao nacho. Maiti ya mfalme wao mmoja, Ramesses wa Nne, ilikutwa na vitunguu mahali pa macho. Kitabu cha Hesabu katika Biblia kinasimulia jinsi Waisraeli walivyokumbuka vitunguu vya Misri wakiwa jangwani, na habari hiyo imo pia katika Kurani, Sura ya Al-Baqara. Kwa hiyo mama anayelalamika kwamba mboga haina kitunguu asidhani amekuwa wa kwanza!

Mbegu tunazopanda sisi nazo zina safari yake. Red Bombay jina lenyewe linatupeleka India, kwenye mji ambao tangu mwaka 1995 unaitwa rasmi Mumbai. Red Creole inatoka upande wa Louisiana, Marekani. Texas Grano, kile kikubwa cheupe cha manjano, asili yake ni Valencia, Hispania. Mbegu ilipelekwa Marekani mwaka 1925, na wataalamu wa huko wakaichagua na kuiboresha. Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, maji ya chemchemi yalipokutana na kitunguu chekundu, sifa ikafika Arusha, na magari ya kutoka Kenya yakawa yanakuja kupitia Namanga kukifuata.

KITUNGUU CHA KILO NANE

Sasa tuje kwenye habari iliyotusumbua vichwa. Mnakumbuka ile picha iliyozunguka kwenye simu zetu, ya mzungu amekumbatia kitunguu kama mama aliyebeba mtoto. Wengine tulisema ni uongo wa kompyuta. Kumbe ni kweli. Mwezi Septemba 2023, kwenye maonyesho ya Harrogate huko Uingereza, mkulima mmoja kutoka kisiwa cha Guernsey alipima kitunguu cha kilo 8.97, akavunja rekodi ya dunia. Hicho ni kitunguu kimoja tu, jamani, uzito unaokaribia debe nusu!

Waingereza wana desturi hii tangu zamani. Mbegu yao mashuhuri iitwayo Ailsa Craig ilitolewa huko Scotland mwaka 1887 na mtunza bustani wa bwana mkubwa mmoja. Baadaye ikaja Kelsae, jina linalotokana na mji wa Kelso, huko huko Scotland. Wanasia mbegu wakati wa baridi kali, ndani ya nyumba ya kioo au nailoni iliyo nyuma ya nyumba, wanawasha taa na kutia joto, na wanautunza mche mmoja mmoja kama mtoto mchanga. Siri yao ni majani. Kila jani la kitunguu ni pete moja ya tunguu lake. Ukipata majani mengi na manene kabla tunguu halijaanza kuvimba, utapata kitunguu kikubwa. Ukipata majani machache, kitakuwa kidogo hata ukimwaga samadi ya zizi zima.

Basi wanachama wengi walituuliza: sisi nasi tuna vitalu nyumba, kwa nini tusipande hivyo tukapata hela?

KWA NINI KWETU HAKIKUBALI

Wenzetu wawili walipata mbegu hizo kwa ndugu aliyeko Ulaya. Miche ikaota vizuri, majani yakawa marefu ya kupendeza. Tukangoja miezi minne, mitano, sita. Chini hakuna kitu, shingo tu kama ya kitunguu jani. Mwishowe majani yakakatwa yakawa mboga, na yalikuwa matamu, hatuwezi kusema uongo.

Bwana shamba alitueleza sababu. Kitunguu kinahesabu saa za mchana. Aina zile za Ulaya hazianzi kuvimba mpaka zipate mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Kule kaskazini mwa Uingereza mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 17. Hapa kwetu karibu na Ikweta mchana ni saa 12, na tofauti ya siku ndefu na siku fupi haifiki nusu saa kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kile kitunguu kitangoja siku ndefu mpaka kifie hapo. Red Bombay, Red Creole na Texas Grano zinatosheka na mchana wetu huu, ndiyo maana zinakubali.

Tunaandika haya ili mwanachama yeyote akiletewa pakiti yenye picha ya kutisha, aulize kwanza: hii ni ya siku fupi au siku ndefu? Muuzaji asipojua, mrudishie pakiti yake.

KITALU NYUMBA NYUMA YA NYUMBA

Hata hivyo vitalu nyumba vimetufaa. Kwanza ni kwa sababu ya mahali vilipo. Shamba la bondeni kwa kawaida ni la baba. Mama anapandikiza, anapalilia, anakata majani, na siku ya gari la mnunuzi kuja, hela inahesabiwa yeye akiwa jikoni. Lakini kitalu cha nyuma ya nyumba, kilichojengwa kwa miti, nailoni na mkopo wa chama, hicho ni cha mama, na kila mtu nyumbani anajua hivyo.

Pili, ndani yake tumejifunza kitunguu kinataka nini. Miche hukaa kitaluni wiki sita hadi nane, halafu huhamishwa. Mvua kubwa haiigusi, na ugonjwa wa baka zambarau unaopenda majani yenye unyevu unapungua, mradi nailoni ifunguliwe pembeni upepo upite. Lakini joto likizidi mle ndani kitunguu kinafanya haraka kuvimba kikiwa bado na majani machache, na kinatoka kidogo. Wanaodhani nailoni peke yake inaleta ukubwa wanajidanganya. Kwa kitunguu cha kuuza kwa wingi, shamba la wazi wakati wa kiangazi bado ndilo lenye faida. Kitalu nyumba tumekiona kinafaa zaidi kwa miche mizuri ya mapema, na kwa nyanya na hoho zinazolipa nafasi yake.

Wapo waliopata kitunguu kikubwa kweli mle ndani, kwa kupanda Texas Grano kwa nafasi, mche mbali na mche, na samadi iliyooza vizuri. Kimoja kilijaza kiganja na kupita. Tulikisifu wote.

KIKUBWA NA KINACHOKAA

Lakini hapa ndipo historia inapotufundisha. Kitunguu kikubwa cha aina ile kina maji mengi. Ni kitamu, hakiwashi, kinafaa kachumbari, ila hakikai. Ukikiweka wiki chache kinaanza kulainika shingoni, halafu harufu. Kile chekundu cha wastani, kinachotoa machozi, ndicho kinachokaa. Kikivunwa majani yakiwa yameanguka, kikakaushwa kivulini mpaka shingo ikabana, kikapangwa kwenye kichanja chenye hewa bila kurundikwa, kinaweza kukaa miezi mitatu na zaidi. Tena mbolea ya chumvichumvi ikizidishwa mwishoni ili kiwe kikubwa, shingo inakuwa nene, haikauki, na uozo unapita hapo hapo.

Yaani kikubwa kinapigwa picha, na kinachokaa kinasomesha watoto.

TULIVYOKUWA TUKIUZA

Wanachama wa mwanzo wanakumbuka hali ilivyokuwa. Kitunguu kinachukua karibu miezi mitano tangu mbegu mpaka mavuno, na miezi yote hiyo nyumba inakula kwa deni. Siku ya kuvuna, aliyekukopesha dawa anasubiri, mwenye duka anasubiri, mtoto anasubiri sare na madaftari. Wote tumevuna wiki moja, bei imelala chini. Dalali anakuja na gunia lake, analijaza, analishonea kilemba juu, lumbesa, na bei ni ile ile ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha zaidi ya kilo 100, lakini mwenye njaa hana mizani. Ukikataa, anakwenda kwa jirani, naye jirani ana shida kama zako.

Miezi michache baadaye kitunguu kimeadimika sokoni, bei imepanda, na sisi wenyewe tuliokilima tunanunua kimoja kimoja kwa ajili ya mchuzi.

Chama kilibadilisha jambo moja tu, nalo ni kubwa. Kilitupa uwezo wa kungoja. Mama anayeweza kukopa sandukuni hela ya sare hana sababu ya kuuza gunia lake siku ile ile. Anaweka kichanjani, anangoja, anauza bei ikipanda, anarudisha mkopo na ziada, na ziada hiyo inarudi kwetu sote siku ya kuvunja. Hatusemi kila mara bei ilipanda. Ipo miaka kitunguu cha mahali pengine kilijaa sokoni na aliyengoja hakupata zaidi. Lakini aliyengoja aliamua mwenyewe, hakuamuliwa na dalali.

UAMUZI ULIO MBELE YETU

Vichanja vya nyumbani vina mwisho. Paa linavuja, panya wanaingia, nafasi ni ya magunia machache, na mara nyingine baba anamwonyesha mnunuzi mlango wakati mama yuko msibani. Ndiyo maana uongozi unaleta hoja hii: mwaka huu tusigawane fedha zote. Sehemu ibaki, tujenge ghala moja la chama, lenye vichanja vya mbao, kuta za kupitisha hewa na mizani yetu wenyewe, ambapo kila mwanachama ataandikiwa kitunguu chake kwa jina lake.

Tunajua ni hoja nzito. Wapo waliokwisha kupanga hela yao ya mwaka huu, na kila mtu ana haki ya hisa zake. Hatulazimishi mtu. Tunaomba tu kila mmoja aulize swali hili kabla ya siku ya mkutano: miaka kumi tumeweka shilingi pamoja na haikuoza, je, tunashindwa kuweka kitunguu pamoja?

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema kitunguu hakiozi. Hiyo kazi ya kukizuia kisioze wametuachia sisi.

Tukutane mkutanoni, kwa wakati, na daftari zetu mkononi.

Mwenyekiti,
kwa niaba ya wanachama wote