Barua ya Travis kutoka Alamo na Harakati za Uhuru wa Texas, 1836

Barua aliyoiandika William Barret Travis tarehe 24 Februari 1836 haikuleta askari wa kutosha kuinusuru ngome yake. Hata hivyo, imehesabiwa miongoni mwa nyaraka zilizochochea uhuru wa Texas. Makala haya yanachunguza namna ombi la kamanda aliyezingirwa lilivyogeuka kuwa nguvu ya kisiasa. Hoja kuu ni kwamba nguvu hiyo haikutokana na ufasaha wa maneno pekee, bali pia na chombo cha kisiasa kilichokuwapo kulipokea ombi hilo, na matukio yaliyolifuata.

Mwaka 1835 walowezi wa Texas, wengi wao wahamiaji kutoka Marekani, waliasi baada ya Santa Anna kujilimbikizia madaraka na mfumo wa shirikisho wa Katiba ya Meksiko ya 1824 kuvunjwa. Lengo la waasi halikuwa moja: baadhi walitaka katiba hiyo irejeshwe, wengine walitaka kujitenga. Tarehe 23 Februari 1836 jeshi la Santa Anna liliingia San Antonio de Béxar, na watetezi wapatao 150 wakajifungia Alamo, misheni ya zamani iliyogeuzwa ngome. Travis, mwanasheria wa miaka 26, alishika uongozi peke yake baada ya mwenzake, James Bowie, kuugua.

Siku ya kwanza Travis alipeleka Gonzales ujumbe mfupi wa kuomba watu na chakula. Siku iliyofuata alibadili mbinu, akawaandikia watu wa Texas na Wamarekani wote duniani. Alieleza kwamba wamepigwa mizinga kwa saa 24 bila kupoteza mtu, kwamba adui amewataka wajisalimishe naye akajibu kwa mzinga, na kwamba hatasalimu amri wala kurudi nyuma. Alihitimisha kwa kiapo cha ushindi au kifo. Kwa namna hiyo, haja ya kijeshi ya ngome moja iligeuzwa kuwa wajibu wa kila msomaji.

Kwa kipimo cha askari, ombi hilo lilishindwa. Kundi la watu 32 kutoka Gonzales liliingia ngomeni tarehe 1 Machi. James Fannin, aliyekuwa Goliad na askari zaidi ya 300, alianza safari kisha akarejea. Alfajiri ya tarehe 6 Machi Alamo ilitekwa, na takribani wapiganaji wote wakauawa.

Hata hivyo, barua ilikuwa imekwisha kuchapishwa magazetini. Mkutano wa wajumbe huko Washington-on-the-Brazos ulitangaza uhuru tarehe 2 Machi. Si sahihi kudai kwamba barua ndiyo iliyoleta tangazo hilo, kwa kuwa wajumbe walichaguliwa kabla ya mzingiro; ilichofanya ni kuongeza uharaka. Ombi jingine la Travis lilipowafikia tarehe 6 Machi, mjumbe mmoja alipendekeza waende Alamo mara moja. Sam Houston alipinga, akisisitiza kwamba serikali iundwe kwanza. Tarehe 21 Aprili, huko San Jacinto, jeshi lake lilishambulia likipaza sauti kuikumbuka Alamo na kuushinda upande wa Santa Anna kwa muda usiozidi dakika 20. Kilio hichohicho kiliandamana na mauaji ya askari wa Meksiko waliokwisha kushindwa.

Tathmini ya barua hii haikamiliki bila kuuliza uhuru ulioombewa ulikuwa wa nani. Joe, mtumwa wa Travis, alinusurika Alamo na kusimulia kifo cha bwana wake, lakini alibaki mtumwa. Katiba ya Texas ya 1836 ilihalalisha utumwa. Juan Seguín, Mtexas mwenye asili ya Meksiko aliyetumwa nje ya ngome kutafuta msaada, alipigana San Jacinto. Mwaka 1842 alilazimika kukimbilia Meksiko kwa sababu ya uhasama wa walowezi.

Kwa hiyo, ombi la Travis lilihamasisha kwa sababu liliwahusisha wasomaji moja kwa moja, lilithibitishwa na vifo vya watetezi, na lilikuta uongozi wenye uwezo wa kuigeuza huzuni kuwa jeshi. Sababu hizohizo zilikuza umoja wa walowezi huku zikiwaacha nje wengine walioshiriki mapambano hayohayo.