Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Habari za Wahadhiri Wageni na Nchi za Handeni na Korogwe

Methali isemayo kwamba mgeni aje mwenyeji apone hutajwa mara nyingi penye karamu, na kwa sababu hiyo wengi huidhani kuwa ni methali ya chakula. Lakini neno kuponya si neno la karamu peke yake. Aponaye alikuwa na ugonjwa, na mgeni atazamiwaye na wenyeji ni yule ajaye na dawa wasiyokuwa nayo. Chuo kikuu kinapomwalika mhadhiri kutoka nje hufanya jambo lilo hilo: hukiri kwamba katika nyumba yake mna maradhi fulani ya kutojua, na kwamba yuko mtu mahali pengine awezaye kuyatibu.

Kukiri huko huandikwa kwa desturi katika barua. Idara hueleza jina la mgeni na elimu yake, maudhui ya mihadhara yake, siku atakazokaa, na faida watakayoipata wanafunzi. Kisha hutaja nauli, malazi, na ujira. Kamati husoma, hupunguza, hukubali au hukataa. Ni karatasi chache tu, lakini ndani yake mna swali kubwa: nani ahesabiwe kuwa ni mjuzi astahiliye kulipiwa nauli? Jawabu la swali hilo lina historia, na sehemu yake isiyo ndogo imo katika nchi za Handeni na Korogwe, zinazopakana na mto Pangani.

Habari ya kwanza ya mgeni katika nchi hizo ni ya Mbegha. Kwa mapokeo, mwindaji huyo alitoka Ngulu, akapita Kilindi katika Uzigua, kisha akapanda milima ya Usambara katika karne ya 18. Alikuja na mbwa na silaha na ujuzi wa kuua wanyama walioharibu mashamba. Wenyeji walimpa vyakula vya shamba, naye akawapa nyama, waliposhitakiana akawaamua, na kule Vuga alipoua simba wakamfanya mtawala. Hayo yote si lazima yawe yametokea kama yasimuliwavyo, lakini fikira iliyomo ni dhahiri. Mgeni hakupokewa kwa ajili ya nasaba yake, maana kwao alikuwa amekataliwa. Alipokewa kwa sababu ya jambo alilolijua, na waliolipima ni wenyeji.

Habari ya pili ni ya Ludwig Krapf, aliyefika Vuga mwaka 1848 na mara nyingine mwaka 1852, akamwomba Kimweri ye Nyumbai ruhusa ya walimu wa dini kukaa katika nchi yake. Hapo mwombaji alikuwa mgeni mwenyewe, na mwenye kutoa alikuwa mfalme. Katika miaka ya 1860 wamisionari wa UMCA wakajenga Magila, katika Bondei, na baadaye wakaweka mtambo wa kupiga chapa. Mtambo huo ndio uliotoa, kati ya miaka ya 1895 na 1907, kitabu cha Habari za Wakilindi.

Kitabu hicho kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyekaa kwa Semboja kule Mazinde, mahali palipo leo katika Wilaya ya Korogwe. Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa ameiacha milima na kujiweka bondeni, katika njia ya misafara, kwa kuwa aliona kwamba nguvu za wakati ule zilipita njiani pamoja na bunduki na bidhaa. Abdallah alikuwa katika watu wake: mgeni aliyejua kuandika, katika baraza la watu waliojua kusimulia. Kila upande ulikuwa na kitu ambacho upande wa pili haukuwa nacho, na kwa kukutana kwao historia ya nchi ikaandikwa kwa Kiswahili kabla ya kuwako chuo kikuu chochote katika Tanganyika. Kilipochapwa upya mwaka 1962, kwa kazi ya J. W. T. Allen, wasomaji wengi walidhani kuwa wamepata kitabu kipya.

Mwaka uliotangulia, tarehe 25 Oktoba 1961, Chuo Kikuu kishirikishi cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa katika jengo la TANU, kwa somo la sheria na kwa wanafunzi wasiofika ishirini. Kilikuwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia mlimani. Na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Katika miaka hiyo ya kwanza karibu kila mhadhiri alikuwa mgeni, na fedha za kuwaleta walimu zilitoka kwa wingi ng'ambo, zikiwamo za Rockefeller Foundation. Terence Ranger, aliyefukuzwa Rhodesia, alikuja mwaka 1963 kuongoza somo la historia. Mwezi wa Oktoba 1965 wanahistoria wa Afrika kutoka nchi nyingi wakakutana Dar es Salaam, na maneno yao yakatolewa kitabu mwaka 1968. Walter Rodney, wa Guyana, alifundisha mwaka 1966 hadi 1967, akarudi mwaka 1969 na kukaa hadi 1974.

Itakuwa utovu wa shukrani kusema kwamba wageni hao hawakuponya. Mwanafunzi aliyekuwa amefundishwa kwamba Afrika haina historia ila ya wazungu walioizuru, aliondoka katika mihadhara ile akiwa mtu mwingine. Kadhalika wageni hao hawakukaa mlimani tu. Rodney alishughulika na habari za manamba, watu walioandikwa mikoani ili wakate mkonge wa Tanga. Mkonge huo uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu. Reli ya kutoka Tanga ikafika Korogwe mwaka 1902, na bonde likageuka kuwa nchi ya mashamba makubwa. Kitabu cha Rodney pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago juu ya manamba hao kilitoka mwaka 1983, miaka mitatu baada ya kuuawa kwake.

Wengine walifuata mkondo huo. Steven Feierman alikwenda Usambara katika miaka ya 1960, akasikiliza wazee, akalinganisha maneno yao na maandiko ya Abdallah, na mwaka 1974 akatoa historia ya ufalme wa Washambaa. Katika kitabu kingine cha mwaka 1990 alisema wazi kwamba wakulima wale walikuwa wanafikira wa nchi yao. Michaela von Freyhold alichunguza vijiji vya ujamaa vya Mkoa wa Tanga, vya Handeni vikiwamo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1979. James Giblin alikusanya kwa wazee wa Handeni maelezo ya namna wenyeji walivyozuia mbung'o na maradhi ya ng'ombe kwa kukaa pamoja, kufyeka vichaka, na kutunza akiba za nafaka kwa wakubwa, na namna utawala wa kikoloni ulivyovunja mpango huo, njaa zikazidi. Kitabu chake ni cha mwaka 1992.

Hapa ndipo penye jambo la kuangaliwa. Katika kazi hizi mna safari moja irudiwayo daima. Msomi hupata fedha, hupanda chombo, huenda kwa mzee, humsikiliza, hurudi, huandika, kisha hualikwa kuhutubu juu ya aliyoyasikia. Nauli hulipwa kwa kwenda, na hulipwa tena kwa kuhutubu; lakini zote mbili hulipwa kwa mtu mmoja. Mzee aliyefundisha hubaki katika ukurasa wa shukrani. Vitabu vimemwita mwanafikira, lakini barua ya maombi bado haijamwita mhadhiri. Si kwa sababu kamati inamdharau. Ni kwa sababu karatasi ya maombi kwa desturi huuliza shahada ya mgeni, chuo atokako, na vitabu alivyotoa, na mzee wa Handeni hana jawabu kwa hata swali moja katika hayo matatu.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote uko Handeni yenyewe. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliwapata Wazigua, na wengi wakauzwa au wakadanganywa, wakachukuliwa kwa majahazi mpaka Somalia. Huko baadhi yao walitoroka, wakajenga vijiji katika bonde la mto Juba, na lugha yao ya Kizigua haikufa. Vita vilipovunja Somalia mwaka 1991, wajukuu wa wajukuu wao walikimbia mpaka Kenya na Tanzania. Waliokuja Tanzania wakawekwa kwanza katika kambi ya Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 watu wapatao 3,000 wakahamishiwa makazi ya Chogo, katika wilaya ile ile. Baadaye wengi wakapewa uraia. Watu waliotengana kwa zaidi ya miaka 150 wakasikilizana kwa lugha moja. Nchini Tanzania si rahisi kupata mhadhara wa isimu, wa historia ya utumwa, na wa sheria ya uraia uliokusanyika katika kinywa cha mtu mmoja namna hiyo, na kutoka Handeni mpaka Dar es Salaam ni safari ya siku moja kwa basi.

Mtu aweza kujibu kwamba mzee ni shahidi, na shahidi si mhadhiri. Neno hili lina uzito. Masimulizi huwa na upendeleo: Abdallah mwenyewe aliandika akiwa amekula chumvi ya Semboja, na msomaji asiyeangalia hilo atapotoka. Kumbukumbu huchanganya vizazi, ukoo hujipamba, na msomi atokaye mbali huona mambo ambayo mwenyeji hayaoni kwa kuyazoea. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa mpaka mwisho, haimzuii mzee, yamtaka mwanafunzi. Upendeleo wa mtu hupimwa vyema akiwapo mwenyewe aulizwe, kuliko akiwa amegeuzwa kuwa maneno machache katika kitabu cha mwingine. Wala wasomi nao hawakosi upendeleo. Tofauti ni kwamba wao wameruhusiwa kujitetea mbele ya watu.

Hatari nyingine ni kwamba mzee aweza kualikwa kama pambo: avikwe kanzu, apigwe picha, apigiwe makofi, arudishwe. Dawa ya hatari hii imo katika methali ya pili, kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Mhadhiri mgeni, awe ametoka Chogo au Chicago, apewe kazi. Akae na wanafunzi, asahihishe walichoandika, aulizwe na kuuliza, na maneno yake yaandikwe na kuwekwa katika maktaba kwa jina lake. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na mwaka 2009 Wole Soyinka akaja kuhutubu. Ukumbi ulioweza kumpokea Soyinka hauwezi kuwa mdogo kwa mtu aliyetoka Mkata au Mombo. Na kwa kutumia neno kigoda, chuo kilikwisha kukiri kwamba baraza la wazee nalo ni mahali pa elimu.

Basi barua ya maombi yahitaji kubadilishwa kidogo. Penye shahada ya mgeni, pawepo nafasi ya kueleza ujuzi wake na namna ulivyothibitishwa na wenziwe. Penye vitabu alivyotoa, pawepo nafasi ya kutaja masimulizi yaliyoandikwa kutoka kwake, na ya nani. Penye ujira, kiasi kiwe kile kile apewacho mwenye shahada, kwa kuwa ujira ndio usemao kweli pale sifa zinapokuwa rahisi. Na aombapo fedha za kumleta mtaalamu wa historia ya Uzigua kutoka ng'ambo, mkuu wa idara aombe pia nauli ya Mzigua mmoja, wakae meza moja mbele ya wanafunzi. Nauli ya pili itaongeza kidogo sana juu ya ile ya kwanza.

Jambo hili halina subira. Kitabu kilichokosa wasomaji mwaka huu chaweza kusomwa mwaka ujao. Habari za Wakilindi kilingoja zaidi ya nusu karne, kikafufuka. Mtu hafufuki hivyo. Kila kamati inapoahirisha maombi mpaka mwaka mwingine wa fedha, huahirisha kwa mizani ya karatasi, na wajuzi wa Handeni na Korogwe huhesabiwa kwa mizani ya umri. Mbegha alipokewa kwa kile alichokijua, na wenyeji wakapona. Wenyeji wa leo ni wanafunzi, na mgeni wao yuko njiapanda ya Segera akingoja basi, iwapo kuna aliyemwombea nauli.