Bagika na Bagalu: Mshindi wa ngoma hupatikanaje?

Kila Bulabo inapokaribia pale Bujora, Kisesa, mara nyingi mwezi Juni, tunaulizwa swali lile lile: ningi yupi mkali, wa Bagika au wa Bagalu? Ningi ndiye kiongozi wa ngoma ya Kisukuma. Anatunga, anaimba na kucheza mbele ya kundi lake.

Vyama hivi viwili vilianzishwa na waganga waliokuwa wakishindana karne ya 19, Ngika na Gumha. Ndiyo maana hadi leo utasikia mtu akisema kundi fulani limeshinda kwa dawa.

Kwa desturi hakuna jaji mwenye karatasi. Makundi mawili huanza wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji huamua kwa miguu yao. Ningi huyu akirusha jembe juu na kulidaka bila kupoteza pigo la bugobogobo, watu wanamkimbilia. Mwenzake akimtoa chatu, umati unageuka. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Sisi tunaona chatu huvuta macho haraka, ila watu hawakawii kumzoea. Anayebaki nao ni ningi mwenye wimbo mpya unaomchokoza mpinzani, huku mguu wake ukifuata ngoma.

Tatizo ni wale wanaosimama upande wa chama cha baba yao tangu asubuhi, hata ngoma ikipoa. Wakiwa wengi, ningi mzuri hushindwa na ukoo, si na mchezaji mwenzake. Ukifika Bujora, zunguka kwanza pande zote mbili.