Cheruiyot: Jina la saa ya usingizi

CHERUIYOT ni miongoni mwa majina yasikikayo sana Kabianga na kote katika nchi ya majani chai, Kericho na Bomet. Asili yake ni neno la Kikalenjin limaanishalo usingizi. Alipewa mtoto wa kiume aliyezaliwa watu wakiwa wamelala. Che- kwa kawaida huashiria jina la kike, lakini hili ni la wanaume.

Zamani halikuwa jina la ukoo. Kijana akitoka jandoni aliitwa kwa jina la babake, likitanguliwa na arap, yaani mwana wa. Vyeti vya kisasa vimeligandisha, hata wanawake hulibeba: Vivian Cheruiyot alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 mwaka 2016. Timothy Cheruiyot alikuwa bingwa wa dunia wa mita 1,500 mwaka 2019.

Katika mbio za Boston jina hili limetatiza wengi. Robert Kipkoech Cheruiyot alishinda 2003, 2006, 2007 na 2008. Robert Kiprono Cheruiyot, mzaliwa wa Bomet, akashinda 2010. Mhariri akikata jina la kati ili kuokoa nafasi, humpokonya mmoja ushindi wake. Kipkoech ni mtoto wa alfajiri. Kiprono, wa jioni mbuzi na kondoo wakirejea zizini.