Kisangani–Isangi: Waya unaouzwa kwa kilo, giza linalolipwa na mtaa mzima

Mwizi anayeingia usiku katika kabini ya umeme hatafuti umeme. Anatafuta shaba, alumini na mafuta ya transfo. Shaba na alumini vitapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, biashara ambayo mitaani wanaiita mitraye. Mafuta yatamiminwa katika bidoni. Kabla jua halijapanda, makuta yameshaingia mfukoni, na wakaaji wa avenyu nzima wanaamka wakiulizana kama ni delestaji ya kawaida.

Kuona chuma kama pesa si jambo geni katika sehemu hii ya nchi. Kuanzia Kisangani kushuka na mto Kongo mpaka Isangi, pale mto Lomami unapomwaga maji yake, Walokele, Watopoke na Waturumbu walikuwa na liganda, bapa la chuma lenye umbo la mkuki, refu kupita mita moja na nusu. Halikuwa la kupigania vita. Lilikuwa mali ya kutoa mahari na kumaliza madeni makubwa. Baadaye wazungu wa Léopold II walileta mitako, vipande vya waya wa shaba nyeupe kutoka ng'ambo, wakawalipa navyo wapiga makasia na wauza chikwangi. Watu wakawa wanakata ncha kidogo kidogo kila mitako inapopita mkononi, hata urefu wake ukapungua mwaka baada ya mwaka. Kila mmoja alipata faida ndogo, na pesa ya wote ikapoteza thamani. Ukitaka kuelewa wizi wa nyaya wa leo, anzia hapo.

Wizi wa waya wenyewe una umri mkubwa pia. Wakati Waingereza walipojenga reli kutoka Mombasa kwenda ziwa Victoria, waliweka nyaya za telegrafu kandokando yake. Wanandi, ambao ardhi yao ilikatwa na njia hiyo, walichukua waya na kuufanya bangili na mapambo mengine. Kwa Waingereza ulikuwa wizi. Kwa Wanandi, mgeni aliyepita bila ruhusa alikuwa ameacha mali yake porini. Wizi wa waya ukawa moja ya sababu za kutuma askari mwaka 1900, na vita viliendelea mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905. Bei ya waya ule ilikuwa kubwa kuliko shaba yake.

Kongo ina mfano wake mkubwa zaidi. Laini ya Inga–Shaba, iliyomalizika mwaka 1982, inavuka karibu kilometa 1.700 kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, ili kupeleka umeme kwenye migodi ya shaba. Umeme wake ni wa namna ambayo transfo ya kijiji haiwezi kuuchukua njiani. Kwa hiyo vijiji vingi viliona minara ikipita juu ya mashamba yao, na jioni wakaendelea kuwasha koroboi. Miaka ilipopita, vyuma vya minara vilianza kufunguliwa kimoja kimoja na kugeuzwa vifaa vya nyumbani na vya kazi. Wizi ni wizi, na mnara ukianguka ni hatari kwa kila aliye chini yake. Lakini aliyepitisha laini ile juu ya vichwa vya watu bila kuwaachia hata balbu moja naye alisahau kwamba mtu hulinda kinachomsaidia.

Mjini mambo ni tofauti, kwa sababu anayeibiwa ni jirani. Watu wengi wanafikiri hatari ni moja tu, mwizi kushikwa na umeme. Kweli, hiyo ipo. Ndani ya kabini hakuna haja hata ya kugusa: kwenye volti elfu kadhaa umeme unaweza kuruka hewani na kumfikia mtu aliyesogea karibu mno, na moto wake unaunguza nyama mpaka mfupa. Anayepona mara nyingi anapoteza mkono. Na mwenzake aliyekuwa akichunga nje hamkimbizi hospitali, kwa kuogopa polisi.

Hatari ya pili haionekani. Waya ambao mwizi anaupenda ni ule unaoshuka ardhini, kwa sababu ni wa shaba na kwa kawaida hauna umeme. Akiukata, taa hazizimiki. Siku inapita, wiki inapita, hakuna aliyegundua. Kazi ya waya ule ni kupeleka ardhini umeme unaotoroka siku ya hitilafu. Siku hiyo ikifika na waya haupo, sanduku la chuma, mlango wa kabini au uzio wake unaweza kuwa na umeme. Atakayeugusa huenda ni mtoto aliyefuata mpira, au fundi aliyekuja kutengeneza.

Ya tatu wakaaji wanaijua bila kujua chanzo chake. Katika laini ya nyaya nne kuna waya ambao mafundi wanauita netri. Ukikatwa, nyumba moja inaweza kupata umeme dhaifu na nyumba ya jirani ikapata unaokaribia volti 380 badala ya 220. Balbu zinapasuka, friji inaungua, televisheni inatoa moshi. Mama anayeuza samaki wa baridi anapoteza friji na samaki kwa saa moja. Anamlaumu fundi wa SNEL, na mwizi yuko sokoni.

Mafuta nayo yana kisa chake. Ndani ya transfo yanapooza na kuzuia umeme usiruke kati ya nyaya. Yakitolewa, transfo inapata joto mpaka inaungua, pengine inalipuka. Huko Kenya iligunduliwa kwamba mafuta ya namna hii yaliuzwa kwa wakaanga chakula, kwa sababu hayaharibiki upesi jikoni. Transfo za zamani zinaweza kuwa na sumu ya PCB, ambayo mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umepiga marufuku. Chipsi za mtaani hazina alama ya kuonyesha zilikaangwa na nini.

Kwa Kisangani yote hayo yana uzito wa pekee. Mji unategemea bwawa la mto Tshopo, lililojengwa miaka ya 1950, lenye mashine tatu ambazo mara nyingi hazizunguki zote. Hakuna laini kubwa kutoka Inga ya kuja kuokoa. Na umeme ukikosekana, pampu za Regideso nazo zinasimama. Wenyeji walijifunza hilo kwa damu mwezi wa Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mjini kwa siku sita. Mji ulikaa bila umeme wala maji ya bomba, na watu wakateka maji ya mto. Kule chini, katika wilaya ya Isangi, wengi wanaishi kwa panoo za jua na jenereta, na wanajua thamani ya kipande kimoja cha waya.

Sheria ipo. Ile ya umeme, namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, ina adhabu zake. Lakini anayekamatwa ni kijana mwenye koleo, na mwenye mizani anaendelea kupima. Kenya ilijaribu kugusa mwenye mizani. Baada ya minara ya laini ya Kiambere–Embakasi kuanguka na nchi kuzama gizani tarehe 11 Januari 2022, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma vikuukuu. Ilifunguliwa tena mwezi wa Mei kwa masharti. Mafundi wa sufuria na wafua vyuma wasio na kosa waliumia, lakini swali liliulizwa mahali pake: nani ananunua?

Lipo pia suala la kuandika hasara. Kongo ilipoishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye, iliomba zaidi ya dola milioni 97 kwa ajili ya mali ya SNEL iliyoharibiwa. Tarehe 9 Februari 2022 majaji waliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa jumla. Kwa SNEL hawakutoa kitu, kwa kuwa ushahidi ulioletwa haukutosha. Uharibifu uliofanywa mbele ya macho ya mji mzima ulikosa karatasi. Waya wa kabini unaokatwa usiku mmoja huko Mangobo au Kabondo, nani anauandika, na katika daftari gani?