Jua, Filamu na Nyuso za Wazee

Kamera ya sinema ya nyumbani ya milimita 8 ilitolewa na Kodak mwaka 1932. Ilitiwa ufunguo kama saa, na filamu moja ilidumu dakika nne hivi. Mwaka 1936 ikapata filamu ya rangi, Kodachrome, iliyotaka mwanga mwingi, kwani kasi yake ilikuwa karibu ASA 10 tu. Juani, kwa picha 16 kwa sekunde, tundu la lenzi liliwekwa namba 8. Wingu likitanda, lilifunguliwa zaidi.

Hapakuwa na nafasi ya kusahihisha. Filamu iliyopita ndani ya kamera ndiyo hiyo hiyo iliyosafishwa na kuonyeshwa ukutani. Tena kipima-mwanga hakimjui mtu. Hukusanya mwanga wote na kutafuta wastani. Mzee mweusi akisimamishwa mbele ya ukuta wa chokaa, kipimo kiliusoma ukuta, naye akatoka kanzu nyeupe isiyo na mwenyewe. Waliojua kazi walisogea wakapima uso wake.

Kodachrome ilikoma kutengenezwa mwaka 2009. Anayefufua kamera ya babu yake leo hukuta filamu za kasi kubwa. Ile ya ASA 50 huhitaji juani namba 16, ambayo kwa kamera nyingi ndiyo ya mwisho. Ya ASA 200 hutaka kichujio cha kupunguza mwanga.

Basi msomaji, chagua filamu kwa kulitazama jua, lakini pima kwa kumtazama mtu. Ukuta utapakwa chokaa tena mwakani. Mzee huenda asiwepo.